Al-Battani: Mzee wa Raqqa aliyelipima jua kwa miaka arobaini

Kila unapokaribia mwezi mtukufu wa Ramadhani, misikiti yetu hubandika ukutani ile karatasi ya nyakati za swala na kufuturu. Tunaitazama kwa makini, hasa safu ya Magharibi, na muadhini akichelewa dakika moja tu minong'ono inaanza kwenye safu za nyuma. Lakini ni wachache tunaojiuliza dakika ile imetoka wapi. Haikuota ukutani. Kuna mtu alikaa chini akapiga hesabu ya mahali jua lilipo, na hesabu yenyewe imejengwa juu ya saini na kosaini, mambo mawili ambayo vijana wetu wakiyasikia wanatafuta mlango wa kutokea.

Nasema hivyo kwa sababu nawaona. Mimi ni mwalimu wa elimu ya dini, lakini kwa kuwa hesabu nilizisoma kiasi, wanafunzi huniletea madaftari yao baada ya kipindi. Siku moja kijana wa kidato cha tano, tena aliyehifadhi juzuu kadhaa za Qur'an, alinijia kuniaga. Alisema anaacha hisabati. Sababu aliyonipa ni kwamba mlinganyo wenye saini na kosaini pamoja umemshinda, na kwamba kwa vyovyote hiyo ni elimu ya Wazungu, haina uhusiano na dini yake. Sababu ya kwanza nilimwelewa, maana imetukuta wengi. Ile ya pili ndiyo iliyoniuma. Sikutaka kubishana naye. Nilimsimulia maisha ya mtu mmoja, na leo, msomaji, nakusimulia na wewe.

Mtu huyo ni Abu Abdillah Muhammad ibn Jabir ibn Sinan al-Battani. Alizaliwa Harran, mji wa kale ambao leo uko kusini mwa Uturuki, karibu na mpaka wa Syria, kabla ya mwaka 858 Miladia. Harran ulikuwa mji wa Masabii, watu waliozitukuza sayari na nyota, na kwa ajili hiyo walizichunguza kizazi baada ya kizazi. Humo ndimo alimotoka pia Thabit ibn Qurra, mwanahisabati mkubwa na mfasiri wa vitabu vya Kiyunani. Mababu wa al-Battani walikuwa Masabii, ndiyo maana hata yeye akabaki na lakabu ya as-Sabi, ingawa mwenyewe alikuwa Muislamu. Mwandishi wa kale Ibn an-Nadim anamtaja Jabir ibn Sinan wa Harran miongoni mwa mafundi waliotengeneza vyombo vya kupimia nyota, na wanahistoria wengi wanaona huyo ndiye baba yake. Kama ni hivyo, basi kijana huyu alikulia kwenye karakana, mikononi mwake mna tupa na shaba kabla hajashika kalamu.

Kutoka Harran alihamia Raqqa, kwenye ukingo wa Mto Furat. Vijana wa leo jina la Raqqa wamelisikia katika habari za vita, kwa yale yaliyotokea huko kati ya mwaka 2014 na 2017. Lakini zamani ule ulikuwa mji wa heshima, na Khalifa Harun ar-Rashid aliufanya makazi yake kwa miaka kadhaa. Hapo ndipo al-Battani alipoweka vyombo vyake, na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote katika maisha yake. Alianza kulipima jua na nyota mwaka 264 Hijria, yaani 877 Miladia, na akaendelea hadi mwaka 306 Hijria, sawa na 918. Hebu hesabu mwenyewe, msomaji. Ni zaidi ya miaka arobaini ya kusubiri adhuhuri, kusoma kivuli, kuandika, kulala, na kesho kurudi tena. Sisi mwanafunzi akikosa swali moja Jumatatu, Jumanne ameshaacha somo.

Subira hiyo ilizaa matunda. Aliukadiria mwaka wa jua kuwa siku 365, saa 5, dakika 46 na sekunde 24. Vipimo vya zama zetu vinaonyesha kuwa alipungukiwa kwa dakika mbili na ushei tu. Alipima mlalo wa njia ya jua kwa kulinganisha na mstari wa Ikweta akapata nyuzi 23 na dakika 35 za pembe, jibu linalokubaliana sana na hali ya zama zake. Aliandaa orodha ya nyota 489. Mwaka 901 alishuhudia kupatwa kwa jua na kupatwa kwa mwezi akiwa Antiokia, akaandika alichokiona na wakati alipokiona.

Zingatia pia adabu yake ya kielimu. Bingwa wa falaki aliyekuwa akifuatwa na wote wakati ule ni Ptolemy wa Iskandaria, aliyeishi karne ya pili Miladia. Al-Battani alimheshimu, akafuata mpangilio wake, lakini hakumfuata kwa kufumba macho. Ptolemy alichukulia kuwa ukubwa wa jua kama tunavyoliona haubadiliki mwaka mzima. Al-Battani alipima akaona unabadilika, na kwa hiyo akabainisha kuwa inawezekana jua likapatwa na bado ikabaki pete ya mwanga pembeni. Alionyesha pia kuwa ile sehemu ya njia ya jua iliyo mbali zaidi nasi imesogea tangu zama za Ptolemy. Hakumtukana aliyemtangulia, wala hakumwogopa. Alipima upya.

Sasa tuje kwenye lile lililomkimbiza mwanafunzi wangu. Ptolemy katika hesabu zake alitumia mstari mzima unaokatiza duara kutoka ukingo hadi ukingo. Wahindi walikuwa wameona kuwa nusu ya mstari huo inarahisisha kazi, na Waislamu wakaichukua fikra hiyo kutoka kwao. Neno la Kihindi lilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu likaja kusomwa jayb, neno lenye maana ya uwazi wa kanzu kifuani. Wafasiri wa Kilatini baadaye wakalitafsiri kwa neno lao, sinus, na ndiyo saini ya leo. Kwa hiyo kijana anaposema saini ni ya Wazungu, jina lenyewe linamkanusha. Limepita India, likapita Baghdad, ndipo likafika Ulaya. Al-Battani alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa walioacha ule mstari mzima na kuitumia saini katika kazi yote ya falaki.

Chukua kijiti, kisimamishe wima uwanjani, jua likiwaka. Kijiti, kivuli chake, na mstari wa mwanga unaotoka ncha ya kijiti hadi ncha ya kivuli vinafanya pembetatu. Pembe iliyo kwenye ncha ya kivuli ndiyo inayotueleza jua liko juu kiasi gani. Saini ya pembe hiyo ni urefu wa kijiti kugawanya kwa mstari wa mwanga. Kosaini yake ni urefu wa kivuli kugawanya kwa mstari huo huo wa mwanga. Kijiti na kivuli unaweza kuvipima kwa rula, lakini mstari wa mwanga huwezi kuushika. Unachokijua ni kimoja tu, kwamba saini ni sawa na kosaini ikizidishwa kwa namba fulani, na namba hiyo ni kijiti kugawanya kwa kivuli.

Hapo ndipo penye ugumu. Mlinganyo ni mmoja, visivyojulikana ni viwili, saini na kosaini. Al-Battani aliufungua kwa ufunguo ambao kila mwanafunzi wa sekondari anao mfukoni bila kujua. Saini na kosaini za pembe moja si watu wasiojuana. Ukichukua mraba wa saini ukajumlisha na mraba wa kosaini, jibu ni moja daima, pembe iwe yoyote. Ukitumia undugu huo, kosaini inatoweka, na saini inabaki peke yake. Chukua ile namba yako, igawanye kwa kipeuo cha pili cha moja jumlisha mraba wa namba hiyo. Basi. Ukishapata saini unatazama kwenye jedwali, unaisoma pembe.

Tujaribu. Kijiti ni futi 3, kivuli ni futi 4. Namba yetu ni 3 kwa 4, yaani 0.75. Mraba wake ni 0.5625, ongeza 1 upate 1.5625, kipeuo chake cha pili ni 1.25. Gawanya 0.75 kwa 1.25, unapata 0.6. Hiyo ndiyo saini, na pembe yake ni karibu nyuzi 37. Jua liko nyuzi 37 juu ya upeo wa macho, na hatukupanda juu ya paa wala kugusa mstari wa mwanga.

Msomaji wa Dar es Salaam au Zanzibar ajaribu na hili. Zipo siku mbili katika mwaka ambazo jua la adhuhuri linapita utosini kwetu na kijiti hakina kivuli. Katika siku hizo, kwa wanaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, Alasiri inaingia kivuli kikilingana na kijiti. Hapo saini na kosaini ni sawasawa, namba yetu ni 1, na saini inakuwa 1 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha 2, karibu 0.707. Pembe ni nyuzi 45. Tumeutambua wakati wa swala kwa mlinganyo wa saini na kosaini. Al-Battani, kwa kujua kuwa si kila mtu ana nafasi ya kupiga hesabu kila siku, alitengeneza jedwali la vivuli kwa kila digrii, ili mwenye kijiti asome jibu moja kwa moja.

Swali la kijana wangu lilikuwa jamaa wa hilo, lakini gumu zaidi kidogo. Aliambiwa atafute pembe ambayo mara 3 ya saini yake, ukijumlisha na mara 4 ya kosaini yake, unapata 2.5. Yeye alihamisha upande mmoja, akapandisha mraba pande zote mbili, akapata majibu manne, na kitabu kinasema ni mawili. Njia yake haikuwa haramu, ila ina hatari yake. Ukipandisha mraba, hasi na chanya vinavaa nguo moja, na majibu ya uongo yanaingia pamoja na ya kweli. Anayetumia njia hiyo lazima arudi amhoji kila shahidi kwenye mlinganyo wa mwanzo, na asiyesadikika amtoe.

Njia iliyo salama zaidi inatumia wazo lile lile la kipeuo. Mraba wa 3 ni 9, mraba wa 4 ni 16, jumla 25, kipeuo chake 5. Gawanya mlinganyo wote kwa 5. Sasa una 0.6 ya saini na 0.8 ya kosaini, jumla yake 0.5. Na 0.6 tumeshakutana nayo. Ni saini ya ile pembe yetu ya karibu nyuzi 37, na 0.8 ni kosaini yake. Kwa kanuni ya kujumlisha na kutoa pembe, upande wote wa kushoto unakuwa kosaini moja tu, ya pembe unayoitafuta kutoa nyuzi 37. Kosaini yenye thamani ya 0.5 ni ya nyuzi 60, au hasi 60. Kwa hiyo majibu ni karibu nyuzi 97 na hasi 23, yaani 337. Mawili, kama kitabu kilivyosema. Ile kanuni ya saini ya pembe zilizojumlishwa ilithibitishwa vizuri na Abu al-Wafa al-Buzjani, aliyezaliwa mwaka 940, miaka 11 baada ya al-Battani kufariki, na aliyefanya kazi zake Baghdad. Mmoja aliweka tofali, mwingine akaja akaweka juu yake.

Matunda ya ile miaka arobaini al-Battani aliyakusanya katika kitabu chenye milango 57, kinachojulikana kwa jina la Zij as-Sabi. Ndani yake mna majedwali, mna maelezo ya namna ya kuyatumia, na mna habari za kutengeneza vyombo kama saa ya kivuli. Sitaki nimpambe kupita kiasi. Kama wanafalaki wengi wa zama zake aliandika pia kuhusu utabiri wa nyota, jambo ambalo wanazuoni wetu wamelikataa. Hayo ya utabiri leo hayana anayeyahitaji. Vipimo vyake ndivyo vilivyosafiri.

Na vilisafiri mbali. Katika karne ya 12 kitabu kilifasiriwa kwa Kilatini na Plato wa Tivoli. Katika karne ya 13 Mfalme Alfonso wa 10 wa Hispania akaamuru kifasiriwe kwa Kihispania. Mwaka 1537 tafsiri ya Kilatini ilichapishwa mjini Nuremberg. Miaka 6 baadaye, mwaka 1543, Copernicus alipotoa kitabu chake kilichosema dunia ndiyo inayolizunguka jua, alimtaja al-Battani humo zaidi ya mara ishirini. Mwaka 1749 Mwingereza Richard Dunthorne, akichunguza kama mwendo wa mwezi umebadilika kwa karne nyingi, alirudi kwenye kupatwa kule kulikoandikwa na al-Battani zaidi ya miaka 800 kabla. Wazungu walimwita Albategnius, na jina hilo wamelipa bonde kubwa la mviringo lililoko juu ya uso wa mwezi. Mtu akiandika kwa uaminifu alichokiona, watu wasiozaliwa bado wanakuja kumtegemea. Sisi tunaijua thamani ya elimu inayoendelea kunufaisha baada ya mtu kufa. Huu hapa mfano wake.

Nimebakisha kifo chake, nacho ndicho kilichomnyamazisha kijana wangu. Mwaka 317 Hijria, yaani 929 Miladia, al-Battani alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Watu wa Raqqa, wa ukoo wa Banu az-Zayyat, walikuwa wamedhulumiwa, na wakaamua kwenda Baghdad kwa watawala kudai haki yao. Mzee huyu aliyekwisha kuandika kitabu chake, ambaye angeweza kusema mambo hayo hayamhusu, yeye ni mtu wa nyota, alifunga safari pamoja nao. Walikwenda Baghdad. Wakati wa kurejea alifariki njiani, mahali palipoitwa Qasr al-Jiss, karibu na Samarra. Raqqa hakuiona tena.

Nimelifikiri sana jambo hili. Mtu aliyezoea kwa miaka arobaini kukataa jibu la uongo hata kama limeandikwa na bingwa, huenda hakuweza kustahamili kuona hesabu ya uongo ikiandikwa juu ya migongo ya majirani zake. Elimu yake haikumtenga na watu. Tunapowagawia watoto wetu elimu mafungu mawili, hili la dini na lile la dunia, tukawaambia wachague, tunawafundisha mgawanyo ambao mzee huyu asingeuelewa.

Nilimwambia kijana jambo moja la mwisho, kisha nikamwachia daftari lake. Tazama ramani. Raqqa, Makka, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini hadi kusini. Jua likifika kilele chake Makka, ndani ya dakika chache limefika kilele kwetu na limefika kilele juu ya Raqqa. Yeye alipotaka kuswali alielekea kusini, sisi tunaelekea kaskazini, na kati yetu iko Al-Kaaba. Adhuhuri aliyokuwa akiingojea na kijiti chake, kwa tofauti ya dakika chache tu, ndiyo adhuhuri yetu.

Kijana hakuniambia kama ameghairi. Siku mbili baadaye, kabla ya Alasiri, nilimkuta nyuma ya msikiti wa shule amechomeka fito ardhini, wadogo zake wa kidato cha pili wamemzunguka na rula. Sikumsogelea.

Ombi langu kwa walimu wenzangu wa madrasa na kwa wazazi ni dogo. Mkitoka kuwafundisha watoto masharti ya swala, na mkafika kwenye sharti la kuingia wakati, msiishie kwenye karatasi ya ukutani. Watoeni nje na kijiti. Waacheni wapime kivuli wenyewe, na wakiuliza hesabu yake inapigwaje, msiwaambie hiyo si kazi yetu. Ilikuwa kazi ya al-Battani kwa miaka arobaini.

Wabillahi tawfiq.